Msasa huangamiza ncha ya chuma cha kulehemu

FUNDI wa redio au simu katika wadi ya Gatuanyaga, eneobunge la Thika Mjini, hupata riziki yake kwa chombo kidogo: chuma cha kulehemu. Ncha yake inapogeuka nyeusi na kukataa kushika lehemu, mafundi wengi hukimbilia tupa au msasa. Ncha hung’aa mara moja, lakini huo ndio mwanzo wa kuangamia kwake.

Sababu ni jinsi ncha hiyo ilivyoundwa. Ndani mna shaba, ambayo hupitisha joto upesi. Hata hivyo, bati lililomo katika lehemu hula shaba kidogo kidogo, ndiposa watengenezaji huifunika kwa utando mwembamba wa chuma. Msasa ukiondoa utando huo, shaba hulika hadi ncha ikatoboka, na hapo hapana budi kununua nyingine. Ni ncha za shaba tupu pekee zinazoweza kunolewa kwa tupa.

Weusi unaoonekana ni kutu ya chuma kilichochomwa na hewa, pamoja na masalio ya flaksi, ile dawa inayosaidia lehemu kushika. Tabaka hilo huzuia joto. Fundi akiongeza moto ili kulishinda, huunguza kifaa cha mteja.

Njia bora ni kupangusa ncha ikiwa moto kwa sponji yenye unyevu, isiyolowa chapachapa, au kwa nyuzi laini za shaba ya manjano. Kisha ipakwe lehemu mpya papo hapo. Iliyokwisha kuwa nyeusi ipakwe lehemu yenye flaksi na kupanguswa, tena na tena, hadi ing’ae.

Kabla ya kuzima umeme, ncha iachwe na lehemu juu yake ili hewa isiifikie. Isiachwe ikiwaka bure fundi anaposubiri wateja.

Uangalifu huu una umuhimu zaidi tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vifaa vya elektroniki mnamo Julai 2006. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka katika nyuzi 183 za Selsiasi, ilhali ile isiyo na risasi huhitaji takriban nyuzi 217. Joto likizidi, ncha huchakaa haraka.

Anayetumia lehemu ya risasi sharti anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani risasi ni sumu, hasa kwa watoto.