Je, Wajua? Mkaguzi Asiyewahi Kuona Hindi

Mmea wa hindi una maua ya aina mbili. La kiume, mbelewele, hukaa kileleni na kumwaga chavua. La kike hujificha kwapani mwa jani, na lisipopokea chavua kupitia ndevu zake halizai punje. Msimu ukiwa mwema, ndevu huchomoza siku zile zile chavua inapomwagika. Ukame ukibana, mbelewele haijali sana, lakini ndevu huchelewa. Zinapotokeza chavua imekwisha, na mkulima wa Mwingi au Wote, huko Ukambani nchini Kenya, anavuna magunzi yenye punje za kuhesabika.

Pengo hilo la siku chache ndilo linalohesabiwa Kiboko, kaunti ya Makueni, katika kituo cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kilicho kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Hapo CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, hupanda mbegu zake wakati wa kiangazi, huzimwagilia, kisha hukata maji kabla ya kuchanua ili kuona ipi itavumilia. Mwaka 1996 Bolaños na Edmeades, waliofanya kazi yao CIMMYT, walieleza kwa nini pengo fupi kati ya chavua na ndevu ni ishara nzuri ya mbegu itakayozaa hata mvua ikikosekana.

Sasa tuseme namba 4 imeandikwa kwenye safu ya daftari Kiboko, na inasafiri kwenda Harare na Mexico kulinganishwa na namba nyingine. Nne ni siku, sawa, lakini zimehesabiwa hadi lini? Ni hadi mmea wa kwanza ulipotoa ndevu, au nusu ya mimea ya kitalu? Aliyeko Harare ameipa safu yake jina gani? Namba isiyojulikana ilivyopatikana haina faida kwa mtu mwingine, hata kama aliyeihesabu alishinda juani siku nzima.

Dawa ya tatizo hilo inaitwa ontolojia. Kamusi humweleza mtu maana ya jambo. Ontolojia huiandika maana hiyo kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuihoji: kitu hiki ni cha jamii gani, kinahusiana vipi na kile, na hakiwezi kuwa nini. Taasisi za CGIAR, mtandao wa kimataifa wa utafiti wa kilimo ambao CIMMYT imo, zilianza mwaka 2008 kujenga ontolojia ya mazao, Elizabeth Arnaud akiwa miongoni mwa waliotangulia kazi hiyo. Mahindi yana namba CO_322, mtama CO_324, kunde CO_340, mbaazi CO_341 na ndengu CO_346, yaani karibu chakula chote cha Ukambani kimo humo. Kila kinachopimwa hugawanywa mara tatu: sifa yenyewe, mbinu ya kuipima, na kipimo kinachotumika.

Shida ni kwamba ontolojia haikai tuli. Wataalamu wa nchi mbalimbali huongeza istilahi na kusahihisha nyingine, na badiliko dogo mahali pamoja huweza kuvunja kitu kilicho mbali. Watengenezaji wa programu walikutana na balaa hili zamani. Februari 2001, 17 kati yao walikutana Snowbird, Utah, wakatoa tamko la kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi, na kazi ya namna hiyo hudai majaribio yanayojiendesha yenyewe kila faili linapoguswa. Walioandika ontolojia wakafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2016 Maria Keet wa Chuo Kikuu cha Cape Town na mwenzake Agnieszka Ławrynowicz walipendekeza jaribio liandikwe kwanza, ndipo istilahi yenyewe iongezwe.

Chombo kimojawapo kinachofanya kazi hii ni ROBOT, kilichoelezwa mwaka 2019 na Jackson na wenzake katika jarida la BMC Bioinformatics. Usitarajie mikono ya chuma. Hakina hata dirisha wala vitufe, kwani ni programu ya kuamrishwa kwa maandishi. Hutumiwa na ontolojia za familia ya OBO, yaani ontolojia huria za biolojia, ikiwemo ile ya jeni iliyoanza mwaka 1998, na AgrO, inayohusu kazi za shambani kama kulima, kuweka mbolea na kumwagilia.

Ndani yake mna injini ya mantiki, na huyu ndiye mkaguzi wetu. Chukua matuta ya Ukambani. Katika fanya juu, mkulima huchimba mtaro kufuata kontua na kurusha udongo upande wa juu wa mteremko. Katika fanya chini huurusha upande wa chini. Tuseme tumeandika kwamba aina hizi mbili haziwezi kuwa kitu kimoja. Baadaye mtu mwingine, kwa nia njema, anaongeza istilahi ya tuta jipya na kuliweka chini ya jamii zote mbili. Binadamu akisoma faili lenye maelfu ya mistari, atalipita bila kushtuka. Injini haipiti. Inatamka kwamba hakuna tuta duniani linaloweza kuwa la jamii hiyo, na kazi inasimama hapo.

Mfano unaofundishwa sana vyuoni ni wa ng'ombe kichaa. Ng'ombe ni mla majani, mla majani hali mnyama wala sehemu ya mnyama, na ng'ombe kichaa amefasiliwa kuwa ni ng'ombe anayekula ubongo wa kondoo. Kila sentensi ukiisoma peke yake ni ya busara. Ukiziweka pamoja, ng'ombe huyo hawezi kuwapo, ingawa Uingereza walimwona kwa macho na wakapata hasara kubwa. Kosa liko kwetu, tulioandika kwamba kila ng'ombe hula majani tu. Injini haikujua lipi kati ya matatu lina makosa. Ilichojua ni kwamba hayapatani.

Na ni ya haraka mno. Injini iitwayo ELK iliweza kupanga istilahi za tiba za SNOMED CT, zaidi ya 300,000, kwa sekunde chache kwenye kompyuta ya kawaida.

Lakini injini ya mantiki ina tabia moja inayowakera wageni: haidhani kwamba kisichoandikwa hakipo. Rekodi ya kitalu isiposema kama maji yalikatwa, injini haihitimishi kwamba hayakukatwa, na haitalalamika. Kwa mantiki ni sawa kabisa. Kwa mtu wa Kiboko, anayehitaji kujua kitalu kipi kilinyimwa maji, ni hasara. Ndiyo maana majaribio ya aina ya pili huongezwa, yanayouliza maswali yanayotakiwa kukosa jibu: nionyeshe istilahi isiyo na jina, nionyeshe majina mawili yanayofanana yenye namba tofauti. Jibu likipatikana, jaribio limefeli. Hapo ndipo ndengu za Kitui, ambazo Tanzania ni choroko, zingetenganishwa na dengu za Shinyanga, ambazo ni zao jingine, kabla data zao hazijachanganywa. Kwa rekodi zenyewe, tangu mwaka 2017 kuna kanuni ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, iitwayo SHACL, inayokuwezesha kuandika kwamba kila kitalu lazima kiwe na tarehe ya kupandwa, na kwamba namba fulani isizidi kiwango fulani.

Katika viwango ndipo ujuzi wa shamba hudaiwa. Mtaalamu wa kompyuta akiambiwa safu hii ni idadi ya siku kati ya chavua na ndevu, ataandika jaribio bila kufikiri mara mbili: siku haziwezi kuwa chini ya sifuri. Jaribio litaonekana safi, lakini litakataa baadhi ya mbegu bora kuliko zote, kwa sababu ziko aina ambazo ndevu hutangulia chavua, na pengo lake huandikwa kwa alama ya kutoa. Kosa hilo ni baya kuliko jaribio kukosekana, maana namba sahihi hufutwa kwa jina la usafi, na atakayepokea data baadaye hataona kwamba kuna kilichotolewa. Mimi ningemweka mtu aliyewahi kuhesabu ndevu juani mbele ya kila orodha ya majaribio kabla haijawashwa.

Kuna pia sifa ambazo watafiti hawakuanza nazo. Anayepika mbaazi Makueni huuliza zinaiva kwa muda gani na zina ladha gani. Istilahi ikikosekana, hakuna jaribio litakalowaka jekundu, kwa hiyo lazima mtu aombe iongezwe. Naye ataulizwa yale yale matatu: ni sifa gani, imepimwa kwa mbinu gani, kwa kipimo kipi. Kwa muda wa kuiva, mbinu itabidi iseme kama mbaazi zililowekwa usiku au la, na zilipikwa kwa maji ya wapi, kwa kuwa maji magumu, yenye madini ya kalisi na magnesi, huchelewesha kuiva. Akishaandika hayo, mkaguzi anayakagua.