Nimelipa kiingilio kuona nyumba ya bibi yangu!

Mpenzi msomaji, kama unakaa Dar, makonda wa daladala wamekupigia kelele za "Makumbusho! Makumbusho!" mara ngapi? Umewahi kushuka ukaingia ndani? Mimi nilipita pale miaka sita nikidhani ni jina la kituo tu.

Jumamosi moja nikashuka. Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa miaka ya 1960 kando ya Barabara ya Bagamoyo, na ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali. Nikatazama msonge wa Wahaya, nikajifanya mtalii. Mara uso kwa uso na tembe la Wagogo. Niliishiwa pozi!

Mimi ni mtoto wa Zuzu, Dodoma. Bibi yangu alizaliwa na kulelewa ndani ya tembe. Lakini hapa Bongo nikiulizwa kwetu wapi, nilikuwa najibu "Dodoma mjini" ili nisichekwe. Leo nimelipa hela yangu kutazama kile nilichokionea aibu!

Mshikaji niliyekuwa naye akasema, "Achana nayo, hiyo ni feki tu." Nikambishia. Kule Marekani, mahali panapoitwa Maryhill, tajiri mmoja, Sam Hill, alijenga kwa zege mfano wa Stonehenge, lile duara la mawe ya kale lililoko Uingereza. Ulikamilika mwaka 1929, ukiwa kumbukumbu ya askari wa eneo lile waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni nakala, ndiyo, lakini ina watu wake inaowakumbuka. Je, hili tembe letu?

Swali hilo lilinipandisha basi hadi Zuzu. "Mbukwa, bibi!" Tulipomaliza ugali na mlenda, nikamsimulia. Akasikiliza, kisha akauliza:

"Nani analala humo?"

"Hakuna mtu, bibi."

"Moto wanawasha?"

"Sikuuona."

Akatikisa kichwa. "Sasa mchwa wataogopa nini? Moshi ndio unaotunza boriti, mjukuu wangu."

Basi bwana, darasa likaanza. Paa la tembe ni bapa, udongo umeshindiliwa juu ya boriti na fito, linafaa kwetu ambako mvua ni ya msimu mmoja. Kuta nene huzuia jua la mchana, na usiku wa baridi joto hubaki ndani. Vyumba vinauzunguka ua ambamo mifugo hulala, kwa hiyo mwizi wa ng'ombe lazima apite mlangoni kwako.

Akaniambia pia walivyoliacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuja Operesheni Dodoma, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Baadaye bati likawa ndiyo fahari ya mtu. Wale waliojua kuchagua miti na kupima udongo kwa mkono wengi wamekwishazikwa.

Bibi yangu bado yupo, ila macho yanafifia. Tumekubaliana kiangazi kijacho aninyooshee kidole, mimi nijenge chumba kimoja tu nyuma ya nyumba yake ya bati. Moto atawasha mwenyewe.

Na wewe msomaji, shuka Makumbusho wikiendi hii. Ukitoka, mpigie bibi yako umuulize nyumba aliyozaliwa ilijengwaje. Usingoje msiba.