Kumwokoa Mtoto Mahututi Kabla ya Hospitali

Moyo wa mtu mzima unaposimama ghafla, chanzo mara nyingi huwa ni maradhi ya moyo wenyewe, ilhali moyo wa mtoto, ukiwaacha wachache waliozaliwa na kasoro, kwa kawaida husimama baada ya mwili kuhangaika kwa muda kutokana na pumzi iliyobanwa na nimonia, maji yaliyopotea kwa kuharisha, degedege lisilokoma au damu iliyopungua kwa malaria. Tofauti hiyo ndiyo inayoyapa uzito mafunzo ya wahudumu wa magari ya wagonjwa, kwa kuwa ina maana kwamba kati ya dalili ya kwanza ya hatari na kusimama kwa moyo huwa kuna dakika kadhaa, na pengine saa, ambamo mtu mwenye ujuzi mdogo lakini thabiti anaweza kubadili mwelekeo wa ugonjwa. Moyo wa mtoto ukishasimama nje ya hospitali, wengi hawarudi, hata katika miji yenye magari na vifaa vya kila namna.

Mwili wa mtoto una kanuni zake, na mhudumu aliyefunzwa kwa watu wazima peke yao atakosea hata katika jambo linaloonekana dogo kama kumlaza. Kisogo cha mtoto mchanga ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, hivyo akilazwa chali kwenye machela iliyo sawa kichwa huinamia mbele, kidevu hukaribia kifua, na njia ya hewa, ambayo tayari ni nyembamba na imebanwa na ulimi mkubwa, huziba. Kitambaa kilichokunjwa na kuwekwa chini ya mabega hunyoosha njia hiyo, nacho kinapatikana katika kila nyumba na kila gari. Katika miezi ya kwanza ya maisha mtoto hupumua zaidi kwa pua, kwa hiyo makamasi tu yanaweza kumfikisha pabaya, na kuyaondoa ni tiba kamili wala si usafi. Hata uwiano wa kukandamiza kifua na kupuliza hewa hutofautiana: waokoaji wawili wanapomhudumia mtoto hukandamiza mara 15 kwa kila pumzi mbili, badala ya mara 30 kama ilivyo kwa mtu mzima, kwa sababu kinachokosekana mwilini mwake kwanza ni hewa.

Huduma ya magari ya wagonjwa, kwa sura inayojulikana leo, haikuundwa kwa kumfikiria mtoto. Nchini Marekani ilikua katika miaka ya 1960 na 1970 kwa msukumo wa ajali za barabarani na mshtuko wa moyo, nayo ikawaacha watoto wakihudumiwa kwa vifaa vya wakubwa na kwa kukisia dozi, mpaka daktari wa watoto wa Hawaii, Calvin Sia, aliposhirikiana na seneta Daniel Inouye kuisukuma sheria iliyopitishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1984 ili kuanzisha mpango wa taifa wa huduma za dharura kwa watoto. Fedha za mpango huo zilileta barakoa ndogo, mitaala na walimu, ila hazikuweza kuliondoa tatizo ambalo kwa upande mwingine ni neema, yaani uchache wa wagonjwa wenyewe. Watoto ni takribani mmoja tu katika kila wagonjwa kumi wanaoitiwa magari hayo, na miongoni mwao walio mahututi kweli ni wachache mno, kiasi kwamba mhudumu anaweza kufanya kazi kwa miaka bila kumpulizia hewa hata mtoto mmoja, kisha usiku mmoja akaletewa wa miezi mitatu.

Swali la nini hasa afundishwe mhudumu wa namna hiyo lilipata jibu lake zito zaidi katika wilaya mbili jirani za California, Los Angeles na Orange, ambako kati ya 1994 na mwanzoni mwa 1997 Marianne Gausche na wenzake walifanya jaribio lililohusisha watoto 830 wenye umri usiozidi miaka 12 waliohitaji kusaidiwa kupumua. Siku moja watoto walipuliziwa hewa kwa ambu peke yake, yaani mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono na kusukuma hewa kupitia barakoa inayofunika pua na mdomo, na siku iliyofuata mhudumu aliruhusiwa kuingiza mrija wa kupumulia kooni mpaka kwenye bomba la hewa, kitendo kilichohesabiwa wakati huo kuwa kilele cha ufundi wa taaluma hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yaliwashangaza wengi. Waliopona katika kundi la ambu walikuwa asilimia 30 na katika kundi la mrija asilimia 26, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitisha ubora wa upande wowote, lakini iliyotosha kuonyesha kwamba mrija haukuleta faida iliyotarajiwa. Mrija uliingia mahali pake kwa asilimia 57 tu ya watoto ambao wahudumu walijaribu kuwaingizia, na baadhi ya iliyoingia ilichomoka njiani bila aliyeiweka kutambua.

Jambo lisilosemwa mara nyingi kuhusu jaribio hilo ni kwamba wahudumu zaidi ya 2,500 walifunzwa upya kabla ya kuanza, na kwamba ambu nayo ilifundishwa kwa makini yaleyale yaliyopewa mrija. Kidole gumba na cha shahada hukunjwa kwa umbo la herufi C juu ya barakoa, vidole vitatu vilivyobaki hulala juu ya mfupa wa taya kwa umbo la herufi E bila kuigusa nyama laini iliyo chini ya kidevu, kwani kuibonyeza huusukuma ulimi nyuma na kuziba koo, na taya huinuliwa kuelekea kwenye barakoa, si barakoa kukandamizwa usoni. Mfuko hubanwa mpaka kifua kianze kuinuka, basi, na mhudumu hujisemea kwa sauti maneno matatu ya kumpa mwendo: bana, achia, achia. Wakufunzi waliyaongeza maneno hayo kwa sababu mtu mwenye hofu hubana haraka na kwa nguvu, hewa hujaa tumboni, tumbo huvimba na kuyanyima mapafu nafasi, na matapishi hufuata. Hapo ndipo palipo kiini cha elimu hii nzima, na inasikitisha kwamba mitaala mingi huyapa mambo hayo nusu saa, kisha hutumia siku nzima kwenye vifaa ambavyo mwanafunzi hatavikuta garini.

Kabla ya mkono kuna jicho. Wakufunzi wa Marekani hutumia kile kinachoitwa pembetatu ya tathmini ya mtoto, ambayo ni njia ya kumpima mgonjwa kwa kumtazama na kumsikiliza kutoka mlangoni, kabla ya kumgusa na kumliza, kwa kuangalia mambo matatu: mwonekano wake kwa jumla, juhudi anazotumia kupumua, na rangi ya ngozi inayoonyesha damu inavyozunguka. Mtoto anayelia kwa nguvu na kumkimbilia mama yake anatia moyo kuliko yule aliyenyamaza, analegea mikononi na kutazama bila kumfuata mtu kwa macho, na kosa la kawaida la mgeni katika kazi hii ni kumshukuru mtoto kwa utulivu wake. Kuguna kila anapotoa pumzi, pua kutanuka na sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani ni dalili za mtu anayetumia akiba yake ya mwisho. Kwa watoto wenye ngozi nyeusi, weupe na ubuluu hutafutwa kwenye midomo, ulimi, viganja na kucha, jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa picha za watoto weupe vimelipita haraka mno.

Dawa huleta hatari ya namna yake, kwa sababu kila dozi ya mtoto hutegemea uzito, na uzito haupimwi barabarani. Mtoto wa kilo 8 ambaye moyo wake umesimama huhitaji adrenalini miligramu 0.01 kwa kila kilo, yaani miligramu 0.08, nayo chupa ndogo inayopatikana mara nyingi ina miligramu 1 katika mililita 1, hivyo hulazimika kuongezwa maji ya dawa mpaka mililita 10 na kuvutwa mililita 0.8 tu; anayesahau kuchanganya na kuvuta mililita hizohizo huwa amempa mtoto mara kumi ya kiasi chake. Mkanda wa rangi uliobuniwa katika miaka ya 1980 na madaktari James Broselow na Robert Luten, unaokadiria uzito kwa kupima urefu wa mtoto aliyelala, ulipunguza hesabu za vichwani, ingawa kwa mtoto aliyekondeshwa na utapiamlo hutaja uzito mkubwa kuliko alio nao. Degedege nalo limefundisha kurahisisha: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha watu wazima na watoto wa kuanzia kilo 13, ulionyesha kwamba kifafa kisichokoma kilikuwa kimetulia kabla ya kufika hospitali kwa asilimia 73 ya waliochomwa midazolamu kwenye msuli, dhidi ya asilimia 63 ya waliopewa lorazepamu kwa mshipa, kwa kuwa kuutafuta mshipa wa mtu anayetetemeka ndani ya gari hula dakika ambazo ubongo hauna.

Ujuzi wote huo hufutika usipotumiwa, na ushahidi ulio wazi kabisa wa jambo hili umetoka Tanzania. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipewa mwaka 2010 mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga wasiopumua, kwa kutumia ambu na mwanasesere. Miezi kadhaa baadaye walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini waliyoyafanya katika chumba cha kujifungulia hayakuwa yamebadilika. Hospitali ilipoanzisha mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, palepale kazini, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi, vifo vya ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua. Wakunga hao hukutana na watoto wasiopumua mara nyingi kuliko mhudumu yeyote wa gari la wagonjwa, na kama wao walihitaji kurudia kila wiki, cheti cha siku mbili kinachotundikwa ukutani mwa kituo cha magari hakina la kujitetea.

Afrika Mashariki imefundisha pia kwamba mtaala hauchukuliwi ulivyo kutoka ng'ambo. Kwa miongo mingi mtoto mwenye dalili za mshtuko, yaani damu isiyovifikia viungo kwa kiasi cha kutosha, alipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, mpaka utafiti wa FEAST ulioongozwa na Kathryn Maitland katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania ulipotoa matokeo mwaka 2011. Kati ya watoto 3,141 wenye homa kali na dalili hizo, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa takribani asilimia 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupewa. Utafiti haukuwahusisha watoto waliokaushwa na kuharisha, ambao maji yamebaki kuwa uhai wao, na kwa hiyo mhudumu wa Muheza, Tanzania, au Mbale, Uganda, anahitaji kufundishwa kuwatofautisha wagonjwa hao wawili kabla hajafundishwa kufungua dripu.

Tena si kila anayembeba mtoto ni mhudumu. Mpango wa m-mama wa Tanzania, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, huwapeleka hospitali wajawazito na watoto wachanga kwa kutumia madereva wa jamii pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani, na madereva wa namna hiyo wanaweza kabisa kufundishwa namna ya kumlaza mtoto, kumpa joto kifuani mwa mama na kutambua pumzi inayokoma. Hata hivyo tiba ya njiani haijitoshelezi: uchunguzi wa karibuni katika Kongo, Uganda na Nigeria haukuona vifo vikipungua baada ya watoto wenye malaria kali kuanza kupewa artesuneti ya njia ya haja kubwa vijijini, katika mazingira ambamo wengi hawakukamilishiwa tiba baadaye.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya mafunzo inapaswa kuwa simu. Kabla gari halijafika, hospitali inahitaji kuambiwa umri na uzito wa mtoto, alivyokutwa, alichopewa na saa aliyopewa, ili apokelewe mlangoni na mtu aliyekwisha kuandaa oksijeni. Mapokezi hayo yana thamani inayopimika: katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth ya Blantyre, Malawi, Elizabeth Molyneux na wenzake walipopanga upya idara ya watoto, ili aliye mahututi atambuliwe na kutibiwa kwanza bila kupanga foleni, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8.