Jikoni kwa Majirani: Sherehe za Wahindi wa Kericho na Somo kwa Vikundi Vyetu



Kila mtu anayepita mjini Kericho ameliona lile jengo kubwa lenye kuba, nyumba ya ibada ya Kalasinga. Husemwa kwamba ni kubwa kuliko zote za aina yake katika Afrika. Wengi wetu tunalipita tu. "Hapo ni kwa Wahindi," tunasema, halafu tunakimbilia matatu ya Litein au Bomet.

Siku moja katika semina, mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, ni kweli ukiingia pale unapewa chakula bure? Sasa nani analipa?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala hii. Nani analipa? Vikundi vyetu vingi vimekufa kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo kwa wakati wake.

Nitoe mfano. Nilikuwa mlezi wa kikundi cha akina mama upande wa Bomet. Walikuwa wameweka shilingi 18,400 za kununua tangi la maji. Tukaambiwa mgeni rasmi anakuja kuona mradi. Basi wakachinjwa mbuzi wawili, ukanunuliwa mchele na soda, zikakodiwa hema na viti. Jioni mweka hazina alibaki na shilingi 2,150. Tangi halikununuliwa, na kabla ya mvua ya mwezi wa nne kikundi kilikuwa kimevunjika. Sehemu ya lawama ni yangu. Nilikula ile nyama, wala sikuuliza imelipiwa na nini.

WAHINDI NI AKINA NANI?

Kwanza tuwafahamu majirani zetu, maana tunawaweka wote katika kapu moja.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901, ikipita huku kwetu Londiani, Kipkelion (iliyoitwa Lumbwa zamani hizo) na Fort Ternan. Vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, na kama 6,700 hivi wakabaki katika nchi hii. Wengine walikuja baadaye kufungua maduka katika miji midogo, kuwa mafundi wa magari na mbao, au kuwa makarani.

Hao tunaowaita "Wahindi" si watu wa dini moja. Wako Wahindu, Waislamu, Wajaini, na Wagoa ambao wengi wao ni Wakatoliki kama sisi. Na wako hawa tuliozoea kuwaita Kalasinga au Singasinga, ambao wenyewe hujiita Sikh. Asili yao ni jimbo la Punjab, na mwalimu wao wa kwanza, Guru Nanak, alizaliwa mwaka 1469.

Baadhi yao wameacha alama kubwa. Joginder Singh, aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alizaliwa papa hapa Kericho mwaka 1932. Makhan Singh alitetea vyama vya wafanyakazi, na mwezi wa Aprili 1950 alisimama hadharani Nairobi kudai uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Serikali ya mkoloni ilimweka kizuizini mwaka huohuo, akatoka 1961. Mfanyakazi wa majani chai mwenye chama cha kumtetea ana deni kwa watu kama huyo.

Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za leseni za biashara na za uhamiaji, na Wahindi wengi wasiokuwa raia wakaondoka kwenda Uingereza. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza walioko Uganda. Ndiyo maana miji yetu mingi ina maduka ya zamani yenye majina ya Kihindi juu ya mlango, lakini wenyewe hawapo. Waliobaki ni wachache. Katika hesabu ya watu ya 2019, Wakenya wenye asili ya Asia walikuwa kama 47,000 tu nchi nzima. Mwezi wa Julai 2017 serikali iliwatambua rasmi kuwa jamii ya 44 ya Kenya.

Sisemi kwamba hakuna manung'uniko. Wako vijana wetu waliofanya kazi dukani wakadharauliwa na kulipwa kidogo. Wako pia Wahindi walioibiwa na kutukanwa na sisi. Hayo yasemwe wazi. Lakini watu wasiowahi kula pamoja hawawezi hata kugombana vizuri wakapatana.

SIKUKUU ZAO

Zipo nyingi. Nitataja mbili zenye jambo la kutufaa.

Diwali, sikukuu ya taa, huja mwezi wa Oktoba au Novemba. Wahindu huwasha taa na kugawa vyakula vitamu. Wafanyabiashara wengi, hasa wenye asili ya Gujarat, hufunga vitabu vya hesabu vya mwaka uliopita na kuombea baraka vitabu vipya. Hebu fikirini: sikukuu ya kufungua daftari! Kwetu daftari la kikundi hufunguliwa siku ya ugomvi.

Vaisakhi husherehekewa tarehe 13 au 14 Aprili. Kule Punjab ni wakati wa kuvuna ngano. Kwa Sikh ni ukumbusho wa mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipounda jumuiya ya waumini iitwayo Khalsa. Siku hiyo mlingoti wa bendera huoshwa na kitambaa chake hubadilishwa. Mara nyingi, kabla ya sikukuu, kitabu chao kitakatifu husomwa mwanzo hadi mwisho bila kukatiza, karibu saa 48, mchana na usiku. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusoma hivyo. Wanasoma kwa zamu. Mmoja akichoka, mwingine yuko tayari kando yake.

CHAKULA CHA BURE

Sasa turudi kwa swali la yule mama. Nyumba ya ibada ya Sikh huitwa gurdwara, na kila gurdwara ina jiko la wote liitwalo langar. Desturi hiyo ilianzishwa na Guru Nanak. Wakati ule watu wa India waligawanyika kwa tabaka, na wa tabaka la juu hakuweza kula na wa chini. Yeye akaagiza wote waketi pamoja na kula chakula kimoja. Inasimuliwa kwamba hata mfalme Akbar alipokwenda kumwona Guru Amar Das, alikaa kwanza kula pamoja na watu wa kawaida.

Ndiyo maana katika langar hakuna meza ya mgeni rasmi. Hakuna nyama pia, ili watu wa dini mbalimbali waweze kula bila wasiwasi. Kule Amritsar, India, kwenye hekalu lao kuu, hulishwa makumi ya maelfu ya watu kila siku. Hapa Kenya wasafiri wengi wanaijua gurdwara ya Makindu, iliyojengwa 1926 kando ya reli, ambako mpita njia hula na hata kulala bila kudaiwa.

Ile ya Kericho inahusiana na Baba Puran Singh, fundi aliyefanya kazi mjini kwetu kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 alihamia Birmingham, Uingereza, akaanzisha huko jumuiya ya ibada na huduma. Alifariki 1983. Mpaka leo wafuasi wake humtaja kwa jina la mji wetu, yaani Baba wa Kericho. Wao husisitiza neno nishkam, maana yake kutumika bila kutafuta faida yako mwenyewe. Wamejenga pia Kericho chuo cha kufundisha vijana kazi, kinachobeba jina lake.

TULIVYOENDA KUONA

Baada ya kikundi chetu kuvunjika, niliwaomba akina mama kumi na mmoja twende tukajionee. Baadhi waliogopa. Mmoja aliuliza kama si dhambi. Nilimweleza kwamba tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, Kanisa limetufundisha kuheshimu yaliyo mema na ya kweli katika dini za wengine. Kula chakula cha jirani si kubadilisha dini.

Tulivua viatu, tukafunga vitambaa kichwani, tukanawa mikono. Tukaketi chini kwa mstari. Tukaletewa chapati, dengu, mboga na chai ya maziwa. Mzee mmoja mwenye kilemba alipita na ndoo ya dengu akituongeza. Mama mmoja akanong'ona, "Huyu mpishi ni mzee sana, wangempumzisha." Tukaambiwa si mpishi. Ni mfanyabiashara, na siku hiyo ilikuwa zamu yake.

Tulipomaliza, nilienda kuangalia jikoni. Walioosha sufuria walikuwa wanaume na wanawake, vijana na wazee. Nikauliza swali letu: nani analipa? Jibu lilikuwa fupi: "Kila mtu, na hakuna anayejua nani ametoa zaidi."

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akina mama hawakungoja siku ya tatu. Walikunja mikono ya nguo wakajiunga kuosha vyombo.

KWA NINI JIKO LAO HALIFI?

Tusijidanganye kwamba ni kwa sababu Wahindi wana pesa. Pesa zinasaidia, lakini mambo manne ndiyo yanayolisimamisha.

1. Mchango ni desturi, si fujo ya siku moja. Sikh hufundishwa kutenga sehemu ya kumi ya mapato yake kwa ajili ya wengine. Asiye na pesa huleta unga, maziwa au mikono yake.

2. Kazi ni ya zamu, na hakuna kazi ya chini. Huduma hiyo huitwa seva. Tajiri akiosha sufuria, maskini haoni aibu kuiosha.

3. Chakula ni cha kawaida. Dengu na chapati havimfilisi mtu.

4. Hakuna mgeni mkubwa. Hakuna anayewekewa paja la mbuzi, kwa hiyo hakuna anayeharibu hesabu.

Wazee wetu hawakuwa mbali na hayo. Kokwet ilipokaa, jambo lilikuwa la wote. Watu walilimiana mashamba kwa zamu, na mwenye shamba aliandaa alichokuwa nacho. Tulichopoteza ni kwamba tumeanza kununua heshima kwa pesa ambazo si zetu binafsi.

HESABU RAHISI KWA KIKUNDI

Tuseme mna kikundi cha watu 24, na mnataka siku ya wazi ya kukaribisha majirani 36. Jumla ni watu 60.

Kila mwanachama alete nusu kilo ya unga wa ngano na robo kilo ya dengu. Mtapata kilo 12 za unga na kilo 6 za dengu. Unga huo unatoa chapati kama 120, yaani mbili kwa kila mtu, na dengu zinatosha. Wenye ng'ombe walete maziwa, wenye kuni walete kuni, na majani chai hayakosi kwetu. Gawanyeni zamu nne: wapishi, wagawaji, waoshaji na wachota maji. Mwenyekiti apangwe kwenye waoshaji.

Pesa za mradi zisiguswe hata shilingi moja. Kabla ya kula, mweka hazina asome hesabu mbele ya wote.

MKITAKA KUTEMBELEA GURDWARA

Tumeni mjumbe mapema kuomba siku, hasa mkiwa wengi. Msiende na sigara, tumbaku wala pombe, na asiende aliyelewa. Vueni viatu na funikeni kichwa, wanaume pia. Ketini chini bila kunyoosha miguu kuelekea mahali kitabu kitakatifu kilipo. Chukueni chakula mnachoweza kumaliza, maana kutupa ni vibaya. Mkimaliza, ulizeni kama kuna kazi.

Akina mama wale kumi na mmoja walianza upya. Siku ya wazi walipika dengu. Baadhi ya majirani walinung'unika kwamba hawakuona nyama. Lakini baada ya mavuno mawili tangi lilinunuliwa. Ni dogo kuliko lile la kwanza tulilopanga, ila lina maji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Sherehe yetu ya mwisho iligharimu kiasi gani, na pesa zilitoka wapi?

2. Ni kazi gani katika kikundi chetu ambayo viongozi hawaifanyi kamwe? Kwa nini?

3. Daftari la hesabu lilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya wanachama wote?

4. Ni jirani yupi wa kabila au dini nyingine ambaye hatujawahi kula naye? Tutaanzaje?

Jadilianeni bila kuoneana haya. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza hakikisheni kibaba chenu hakijatoboka.