Viumbe wa Tao la Mashariki (4): Kwale wa Udzungwa na Chura wa Kihansi

Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha umeme mwaka 2024, megawati 2,115 zimekuwa gumzo. Kila nisikiapo hesabu hiyo humkumbuka chura wa Kihansi, kwa kuwa maji ya mto wake nayo huishia Rufiji, mto lilikojengwa bwawa hilo. Lakini nianze na jirani yake.

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa kambini Udzungwa, waliona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemjua. Walipomfuatilia msituni wakamkuta kwale mwenye mdomo mwekundu, ambaye jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia! Jina la kitaalamu alilipata mwaka 1994. Sichoki kuisimulia habari hii, kwa sababu wawindaji walikwisha kumjua na kumla. Ni sisi wasomi tuliochelewa kuwauliza.

Chura yeye alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la Kihansi ukiwa umeshaanza. Ni wa rangi ya dhahabu, hafiki sentimita 3. Kwale hutaga mayai kama ndege wote. Chura huyu hatagi, huzaa vichura kamili visivyopitia uluwiluwi majini. Ngozi ya tumbo la jike mwenye mimba ni nyembamba hata watoto huonekana ndani.

Kwale ana mabawa, na ana zaidi ya msitu mmoja. Makazi yote ya chura yalikuwa kama hekta 2 za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji zikaelekezwa kwenye mitambo. Vikafungwa vinyunyizio, lakini mwaka 2003 ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukawafyeka. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliobaki ni uzao wa chura wapatao 500 waliopelekwa Marekani mwishoni mwa 2000. Mia moja walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa Kihansi.

Umeme tunauhitaji, sibishi. Ila wanaopima mto mwingine leo, nawasihi: kabla ya kuchora bwawa, shukeni hadi chini ya maporomoko mkiwa na wenyeji, muwaulize nini kinaishi pale.