Nyoka wa Kijani Akaaye Miembeni

Katika miembe na mikorosho ya pwani ya Kenya, na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, yuko nyoka wa kijani ambaye watu wengi huishi karibu naye pasipo kumwona. Wataalamu humwita mamba wa kijani. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kizulu, wala halihusiani na mamba wa majini.

Urefu wake kwa kawaida ni kama futi 6, na mwili wake ni mwembamba, wenye rangi ya jani bichi. Ni nadra kushuka chini. Aweza kukaa tawini mahali pamoja siku nyingi, akivizia ndege, panya na popo; mayai ya ndege pia hula. Jike hutaga katika pango la mti, na watoto huanguliwa baada ya miezi kama 3, nao wana sumu tangu siku hiyo.

Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba nyoka huyu akizeeka hugeuka kuwa koboko mweusi. Mwaka 1946 FitzSimons wa Afrika Kusini alithibitisha kwamba hao ni nyoka wa aina mbili. Kinywa cha koboko ni cheusi ndani, na cha huyu ni cheupe.

Nyoka huyu si mgomvi. Akimsikia mtu hupanda juu zaidi. Hatari huja pale mchuma maembe anapotia mkono katika majani asiyoyatazama. Basi yafaa kulitikisa tawi kwa mti mrefu kabla ya kupanda.

Mtu akiumwa, asichanjwe wala jeraha lisifyonzwe, na jiwe la nyoka lisitegemewe, maana halivuti sumu. Avuliwe pete, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kisitikisike, naye achukuliwe hospitali upesi pasipo kutembea. Huko ndiko penye dawa ya kuizuia sumu, ambayo hutengenezwa kwa damu ya farasi.

Mithali yasema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata hivyo, wako nyoka wembamba wa kijani wasio na madhara, ambao huuawa bure kwa kufanana naye. Asiyeweza kuwatofautisha asiwakaribie, wala asiwapige; awaache waende zao, kwani wengi huumwa wakijaribu kuua.