Pete ya fimbo ya kuvulia ikilegea, usikimbilie gundi yoyote

Pete ndogo iliyo kwenye ncha ya fimbo ya kuvulia samaki hubeba sehemu ya mzigo wa mshipi. Ikilegea huzunguka, mshipi huanza kusugua pembeni, na siku samaki mkubwa akivuta, hukatika.

Wengi huchukua supagluu. Hushika haraka, lakini ikikauka huwa ngumu na hupasuka fimbo inapojipinda. Tena pete ikiharibika baadaye, kuing'oa kunaweza kuvunja ncha yenyewe. Mafundi wa fimbo hupendelea gundi ya vijiti inayoyeyuka kwa joto, maana pete ikihitaji kubadilishwa hupashwa moto kidogo ikatoka.

Kwanza toa gundi ya zamani, sugua ncha taratibu kwa msasa laini, kisha ifute kwa spiriti. Yeyusha gundi kwa kiberiti cha gesi na kuipaka kwenye ncha. Shika pete kwa koleo, ipashe moto, ivalishe, na uinyooshe ilingane na pete nyingine kabla haijapoa. Moto usiiguse fimbo: joto kali huharibu resini inayoshikanisha nyuzi za kaboni.

Kilicholegea kikiwa ni kikalio cha rili, hapo tumia gundi ya epoksi yenye mirija miwili. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na uiache ikauke siku nzima.

Watoto watazame, ila moto na gundi vibaki mikononi mwa mkubwa.